Debe, Jerikeni na Mtungi: Mafuta ya Akiba katika Nchi ya Chai

Kabla Kericho haijapata kituo hata kimoja cha mafuta, petroli ilifika huko ndani ya masanduku ya mbao, ikivutwa na ng'ombe. Reli ya Uganda ilifika ukingo wa Ziwa Viktoria mnamo Desemba 1901, na stesheni iliyowahudumia watu wa Kericho ilikuwa Lumbwa, ambayo leo ni Kipkelion. Kutoka hapo hadi mjini ni zaidi ya kilomita 30 za kupanda na kushuka. Mzigo wowote ulioteremshwa Lumbwa, uwe vyuma vya kiwanda, unga au mafuta, ulipakiwa kwenye mikokoteni na kuanza safari ambayo wakati wa masika hakuna aliyethubutu kuitajia siku ya kufika.

Kila sanduku lilikuwa na madebe mawili ya bati, na kila debe lilibeba galoni 4 za Kiingereza, yaani lita 18 na ushei. Ndivyo petroli na mafuta taa yalivyouzwa karibu kote Afrika Mashariki kabla ya Vita Vikuu vya Pili. Mwenye gari aliyetoka Kericho kwenda Sotik, au aliyetaka kuvuka hadi Narok, hakujiuliza kama abebe mafuta ya ziada. Alijiuliza abebe masanduku mangapi. Njiani hapakuwa na pampu, na duka lililouza mafuta, kama lilikuwapo, huenda lilikuwa limeishiwa tangu juma lililopita.

Debe lilikuwa chombo kibaya kwa kazi hiyo. Lilikuwa bati jembamba lililounganishwa kwa lehemu, kwa kuwa lilikusudiwa kutumika safari moja basi. Barabara za wakati huo zilikuwa na matuta madogomadogo ya udongo mkavu wakati wa kiangazi na mashimo wakati wa mvua, na mtikisiko wa saa chache ulitosha kuachanisha maungio. Dereva alijua kwa harufu kabla ya kuona kwa macho. Kulifungua, ilibidi alitoboe kwa msumari au ncha ya kisu, na likishatobolewa halikuzibika tena sawasawa. Ama umimine lote kwenye tangi, ama uendelee na safari huku tundu limezibwa kwa kitambaa au kipande cha sabuni ya mche. Sabuni haiyeyuki kwenye petroli, na mafundi wa barabarani wanaitumia hadi leo kuziba tangi linalovuja mpaka gari lifike gereji.

Usiku hatari iliongezeka. Magari ya mwanzo yalikuwa na taa za moto wenyewe, za kabaidi au za mafuta taa, na aliyeishiwa mafuta gizani alihitaji mwanga ili aone anapomimina. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa mara tatu au nne. Haupandi juu ukapotea. Huteremka, hutambaa chini, hujikusanya kwenye vishimo na sakafuni mwa gari, ukasubiri cheche. Tena petroli hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa hiyo asubuhi yenye ukungu ya Kericho, ambayo humfanya mtu aone kila kitu kimelala, haimlindi hata kidogo. Dizeli ni tofauti: haifikii hali hiyo mpaka ipashwe joto kupita nyuzi 50. Tofauti hii ndogo ya kitabuni itarudi tena na tena katika historia hii, maana watu wengi wameibeba petroli kwa ujasiri waliojifunza kwa dizeli.

Halafu kuna mvua. Kericho hupata zaidi ya milimita 1,800 kwa mwaka, nyingi zikimwagika alasiri, wakati watu wako njiani. Anayemimina petroli kwenye mvua humimina na maji. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini ya tangi, na bomba linalopeleka mafuta kwenye injini huanzia huko chini. Madereva wa zamani walitandika ngozi laini ndani ya faneli: petroli ilipita, maji yakabaki juu. Ngozi hiyo ilisafiri na gari kama jeki na tairi la akiba, na aliyeisahau alijuta kwenye mlima wa kwanza.

Magari yalikuja kwa wingi pamoja na chai. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza serikali ya kikoloni ilikata ardhi ya Wakipsigis kuizunguka Kericho na kuwagawia maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani. Walipanda kitani, bei ya kitani ikaanguka, mradi ukafa. Katikati ya miaka ya 1920 mashamba hayo na mengine yakaingia mikononi mwa kampuni za Brooke Bond na James Finlay, na tawi la hapa la James Finlay liliitwa African Highlands Produce. Wenye ardhi hawakurudishiwa. Wazungu wa chai walileta malori, matrekta na mitambo ya umeme, na mahitaji ya mafuta yakapanda ghafla mahali ambapo barabara zilikuwa zilezile.

Kwa hiyo madebe matupu yakajaa kila mahali. Yalikunjuliwa yakawa paa na kuta. Yalikatwa mdomo na kutiwa mpini wa mti yakawa ndoo za maji. Yakawa kipimo cha mahindi na mkaa sokoni, na kipimo hicho kimebaki hata baada ya bati lenyewe kutoweka. Chombo kilichoshindwa kubeba petroli kilifaulu kubeba karibu kila kitu kingine.

Kilichomaliza enzi ya debe hakikutoka Kericho, wala Nairobi. Kilitoka mji mdogo wa Schwelm, Ujerumani, ambako mwaka 1937 mhandisi Vinzenz Grünvogel wa kampuni ya Müller alibuni chombo cha jeshi cha lita 20, kile tunachokiita jerikeni. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu sijaona kifaa cha safari kilichofikiriwa vizuri kuliko hiki, na kwa sababu tangu hapo hatujakiboresha sana ila kukiharibu.

Jerikeni ile ilibonyezwa kutoka kwenye mabamba mawili ya chuma yaliyochomelewa pamoja kwa mshono mmoja tu, na mshono wenyewe uliingizwa ndani kidogo ili usigongwe na chochote. Ubavuni ilichorwa msalaba wa mifereji. Haukuwa urembo: ule msalaba huliwezesha bamba kutanuka na kunywea bila kupasuka, joto linapobadilika. Juu ilikuwa na mishikio mitatu sambamba. Mtu mmoja aliweza kubeba mbili tupu kwa mkono mmoja, na watu wawili waliweza kushika moja iliyojaa, kila mmoja na mshikio wake wa pembeni. Mdomo haukuwa na kifuniko cha kuzungusha ambacho hupotea kwenye majani. Ulikuwa na kifuniko cha kubana kwa wenzo, kilichofungwa moja kwa moja kwenye chombo. Ndani ya shingo palikuwa na mrija mwembamba wa hewa, hivyo mafuta yalitoka kwa mkondo mmoja bila kugugumia na kurukia nguo za anayemimina. Na juu, kando ya mdomo, paliachwa nundu ya hewa ambayo huwezi kuijaza hata ukitaka, kwa sababu chombo kikisimama wima mafuta hufika mdomoni kabla ya kufika pale.

Nundu hiyo ndiyo akili yote ya jambo hili. Petroli hutanuka karibu sehemu moja katika elfu kwa kila nyuzi moja ya joto. Mtu akijaza lita 20 alfajiri Kericho kukiwa na nyuzi 11, kisha akateremka hadi Ahero adhuhuri kwenye nyuzi 31, mafuta yake yameongezeka karibu mililita 380, zaidi ya kikombe kikubwa cha chai. Ongezeko hilo lazima lipate mahali pa kwenda. Chombo kilichojazwa hadi shingoni hakina mahali hapo, basi hulisukuma nje kupitia kifuniko, au hujipasua.

Waingereza walikutana na jerikeni za adui Norway mwaka 1940, kisha kwenye jangwa la Libya. Wao walikuwa bado wanapigana kwa madebe, ndugu ya yale yaliyopanda Kericho kwa mkokoteni, na jeshi lenyewe lilikadiria kuwa kama asilimia 30 ya mafuta ilikuwa ikipotea njiani kwa kuvuja. Askari waliteka jerikeni za Wajerumani na kuzithamini mno. Hatimaye viwanda vya Uingereza viliinakili, na hadi vita vinaisha mamilioni yalikuwa yametengenezwa.

Wakipsigis na Wanandi waliingia kwa wingi katika jeshi la kikoloni la KAR (King's African Rifles), na Waafrika wengi wa Afrika Mashariki waliendesha malori ya jeshi Uhabeshi na Burma. Walirudi wakijua mambo mawili: kuendesha gari kwenye tope, na kubeba mafuta katika chombo kisichovuja. Mabaki ya vita yaliuzwa, magari na jerikeni pamoja. Kisha Aprili 1948 Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza huko Amsterdam, na haikuchukua miaka mingi kabla ya mameneja wa mashamba ya chai, maofisa wa wilaya na wamisionari wa Litein na Tenwek kuiona kama gari lililotengenezwa kwa ajili yao. Tangi lake lilikuwa la galoni 10, chini ya kiti, na petroli haikudumu sana likiwa kwenye gia ya chini na magurudumu yote manne yakivuta. Kwa hiyo jerikeni moja au mbili zilikuwa sehemu ya gari.

Swali likawa zikae wapi. Hapa naona ndipo ujanja wa kweli ulipojengeka, polepole, kwa makosa ya wengi. Waliozifunga mbele, juu ya bampa, walipenda jinsi zilivyoonekana. Lakini mbele ndiyo sehemu ya kwanza kugonga, iwe ng'ombe, ukingo wa daraja la miti au trekta linalotoka shambani bila taa. Waliozipakia juu kwenye keria walisahau uzito. Jerikeni iliyojaa petroli ina kilo kama 19, chombo na mafuta yake. Nne juu ya paa ni sawa na kumpandisha mtu mzima akae huko, na kwenye barabara ya mashamba iliyoinama kando, yenye utelezi wa udongo mwekundu, mtu huyo ndiye anayeisukuma Land Rover iegemee mtaroni. Waliozilaza nyuma karibu na bomba la moshi hawahitaji maelezo.

Waliozibeba ndani ya chumba cha abiria, na walikuwa wengi kwa sababu ya wizi, walikuwa wakipumua mvuke safari nzima. Kichwa kiliuma, macho yakawasha, na dirisha likafungwa kwa sababu ya mvua. Halafu mtu akawasha sigara.

Kwa hiyo mahali palipobaki ni kule nyuma, kwenye sanduku la mizigo lililo wazi, chini kabisa, nyuma ya ukuta wa chuma unaotenga mzigo na dereva. Chombo kilisimama wima, mdomo juu, kimefungwa kwa mkanda kwenye fremu ya chuma, kikiwa na kipande cha gunia au mpira chini ili chuma kisisagane na chuma. Walioishi na magari hayo walijua pia kuteremsha jerikeni chini kabla ya kuijaza. Sababu yake ni umeme tuli: petroli inayotiririka huzaa chaji, na chombo kilichosimama juu ya mpira au zulia hakina njia ya kuimwaga ardhini. Kikisimama kwenye udongo, na mdomo wa pampu ukigusa mdomo wa jerikeni muda wote, chaji hushuka bila cheche. Sidhani dereva wa mwaka 1955 aliyaeleza hivyo. Alifanya tu, kwa sababu aliyemfundisha alifanya.

Kericho ilitoa mwanafunzi mmoja mashuhuri wa shule hiyo. Joginder Singh, mtoto wa fundi wa magari, alizaliwa mjini humo Februari 1932. Kabla dunia haijamjua alifanya kazi ya doria kwa chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki, kazi ya kuwaendea walioharibikiwa na magari au kuishiwa mafuta porini. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda mbio za magari za Safari kwa Volvo ambayo haikuwa mpya, kisha akashinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Colt Lancer. Mbio hizo zilianzishwa mwaka 1953, na kwa miongo mingi zilikuwa mtihani wa kutokwama kuliko mtihani wa kasi: mwaka 1963 na tena 1968 ni magari saba tu yaliyomaliza. Timu zilifunga matangi makubwa kuliko ya kiwandani na kutuma magari ya huduma yatangulie na mafuta. Vijana waliosimama kando ya barabara kuwatazama waliona, pamoja na vumbi, namna ya kufunga mzigo.

Baada ya uhuru chai ilitoka kwenye mashamba makubwa ikaingia kwenye bustani za wenyeji. KTDA, shirika la chai ya wakulima wadogo, iliundwa mwaka 1964, na viwanda vyake vikaota kwenye vilima vya Kericho na upande unaoitwa Bomet leo, uliotengwa kuwa wilaya yake mwaka 1992. Chai ya mkulima mdogo ina masharti makali: jani likichumwa asubuhi lazima liingie kiwandani siku hiyohiyo, la sivyo linapata joto ndani ya gunia na kuharibika. Lori likikwama na majani usiku, hasara ni ya kijiji kizima. Malori haya yalitumia dizeli, na turniboi mwenye busara alijua kuwa pipa dogo la dizeli lililofungwa nyuma ya kebini ni bima ya kweli. Lilivuja, lilinuka, lilifanya sakafu iteleze, lakini halikulipuka. Hapo ndipo, nadhani, ule ujasiri nilioutaja ulipozaliwa. Kizazi kizima cha madereva na wasaidizi wao kilikua kikifyonza mafuta kwa mpira mdomoni, kikimwaga kando, kikivuta sigara karibu, na halikutokea jambo.

Wakati huohuo mafuta yenyewe yalikuwa yakisogea karibu. Kiwanda cha kusafishia mafuta kilianza kazi Changamwe, Mombasa, mwaka 1963. Bomba la mafuta kutoka Mombasa lilifika Nairobi mwaka 1978, na mwaka 1994 likaendelezwa hadi Nakuru, Eldoret na Kisumu. Kericho ikajikuta katikati ya bohari mbili kubwa, Nakuru na Kisumu. Lami ilienea. Vituo vikafunguliwa Litein, Kapkatet, Sotik, Kaplong, Silibwet, Bomet mjini. Leo mtu anaweza kutoka Kericho hadi Narok na kupita pampu nyingi kuliko anavyoweza kuzihesabu bila kuchoka.

Ungetegemea basi kwamba mafuta ya akiba yangekoma. Hayakukoma. Yalibadilisha chombo na kubadilisha mbebaji, na hapo ndipo historia hii inaponiudhi. Jerikeni ya chuma ilipotea kwa sababu ni nzito, hushika kutu katika mvua zetu na bei yake ni ya juu. Mahali pake pakachukuliwa na mtungi wa plastiki wa lita 20 uliokuja na mafuta ya kupikia. Ni mwepesi, upo kila nyumba, haugharimu kitu. Maji, maziwa, changaa na petroli vyote vimewahi kupita ndani yake, mara nyingine mtungi uleule.

Plastiki hiyo haikutengenezwa kwa petroli. Mvuke hupenya kuta zake taratibu. Jua huidhoofisha hadi ikawa kama ganda la yai. Haipitishi umeme, kwa hiyo chaji tuli hubaki juu yake hata ikiwekwa ardhini. Kifuniko chake ni cha mafuta ya kupikia, ambayo hayana presha yoyote. Barabara yetu ndiyo huupima: kutoka Kisumu, mita 1,130 juu ya bahari, hadi Mau Summit, zaidi ya mita 2,500, mgandamizo wa hewa hushuka kwa kama asilimia 15. Mtungi uliofungwa Kisumu huvimba kadiri gari linavyopanda, na nundu ya hewa ya Grünvogel haimo. Abiria wa gari la Probox walioketi watano kwenye kiti cha watatu, mtungi ukiwa miguuni, huusikia ukifuka kwenye kona za Londiani.

Vituo vingi huweka bango la kukataza petroli kwenye mitungi ya plastiki, na sheria haiko mbali na bango. Lakini bango halimwambii mwenye boda boda wa Chepalungu apate wapi mafuta saa nne ya usiku. Kwa hiyo petroli hununuliwa mchana kwa mitungi, hugawanywa kwenye chupa za soda, na kupangwa kwenye meza kando ya barabara, rangi yake ikiwaka kwenye jua. Akiba ambayo zamani ilikaa nyuma ya ukuta wa chuma wa gari sasa inalala chini ya kitanda, chumba kimoja na jiko la mkaa.

Januari 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, barabara kati ya Nakuru, Kericho, Kisumu na Eldoret zilifungwa kwa magogo na mawe. Malori ya mafuta hayakupita, na uhaba ulifika hadi Uganda na Rwanda. Aliyekuwa na mtungi alikuwa na safari. Somo ambalo wengi walilipata mwezi ule lilikuwa kwamba hekima ni kuweka mafuta nyumbani.

Mwaka mmoja baadaye, Jumamosi tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka Sachangwan, kwenye mteremko wa barabara kuu kati ya Nakuru na Mau Summit. Kila mtu wa Kericho na Bomet anayekwenda Nairobi kwa njia hiyo anapajua mahali pale. Watu walitoka majumbani na mitungi, ndoo na sufuria. Wengine walisimamisha magari yao. Petroli ilikuwa imetapakaa mtaroni na mvuke wake, mzito kama ulivyo, umelala juu ya nyasi pale watu walipokuwa wameinama. Ilipowaka, haikumpa mtu nafasi. Zaidi ya watu 110 walikufa, na wengi zaidi wakaungua. Siku tatu tu kabla yake duka la Nakumatt Downtown lilikuwa limeteketea Nairobi na kuua watu, na nchi ilikuwa bado inaomboleza.

Baadhi ya waliosema baada ya Sachangwan walisema watu waliuawa na tamaa. Siwezi kukubali jibu hilo jepesi. Umaskini ulikuwapo, na lita 20 za bure ni fedha nyingi kwa mtu anayeishi kwa kibarua. Ila ukiangalia kwa karibu unaona pia miaka arobaini ya kuizoea dizeli, na miaka ishirini ya kuamini kuwa mtungi wa plastiki ni chombo cha chochote. Mtu aliyekuwa ameona mafuta yakifyonzwa na kumwagwa maisha yake yote bila moto hakuwa na sababu ya kudhani kwamba haya ni mengine.

Aprili 2022 vituo vilikauka tena sehemu nyingi za nchi, foleni zikazunguka mitaa, na mitungi ikarudi mistarini. Wahudumu wengine walikataa kuijaza. Wengine walijaza, kwa malipo kidogo ya pembeni.

Siku hizi petroli ya akiba ina njia mpya katika nchi ya chai, na haina uhusiano na barabara mbovu. Mashine za kuchuma chai zimeingia mashambani. Ziko kubwa, lakini zile za kushikwa na watu wawili, mmoja kila upande wa mstari, zina injini ndogo ya petroli iliyochanganywa na oili. Mei 2023 wananchi wenye hasira ya kupoteza kazi walizichoma mashine moto katika mashamba ya Kericho. Mashine hazikuondoka.

Mafuta ya mashine hizo hufika shambani kwa pikapu au pikipiki, na kwa mbebaji yale ya Land Rover ya zamani yanatumika yote: chombo cha chuma au cha plastiki iliyotengenezwa kwa petroli, nafasi ya hewa juu, kusimama wima, kufungwa chini na nyuma, mbali na watu. Kigumu kinaanza baada ya pikapu kusimama. Tangi la mashine ni dogo na huisha mara kadhaa kwa siku, katikati ya mistari, injini ikiwa ya moto kiasi cha kutoshikika. Ili kumimina kwa usalama inafaa izimwe na iachwe ipoe. Lakini pale ambapo malipo ni kwa kilo, dakika kumi za kusubiri ni majani ambayo watu hao wawili hawatayapima jioni, na msimamizi mwenye saa mkononi anajua hesabu hiyo vizuri kama wao.